Dizeli ya Bomba la Tatu

Jorunn hakupenda kabisa kupokea majibu ya maabara siku ya Ijumaa. Habari njema yaweza kungoja Jumatatu isiharibike, lakini habari mbaya ikiingia Ijumaa, basi mapumziko yako yameingia mchanga. Ijumaa hiyo, mwisho wa mwezi wa tano, alifungua majibu ya mabomba manane ya Skorpevik huku akitafuna tufaha. Alipofika bomba la tatu alitamka neno ambalo marehemu mama yake angemfinya kwa kulisema.

Dizeli. Na si chembe ya kukisia, dizeli ya kutosha kabisa!

Skorpevik ni kijiji cha nyumba thelathini na kitu, kimebanwa kati ya mlima na maji ya bahari. Zamani palikuwa na ghala la mafuta juu ya mteremko, matangi sita makubwa yaliyohudumia meli za samaki. Lilifungwa miaka thelathini iliyopita, matangi yakakatwakatwa yakaondoka, zikapandwa nyasi, kondoo wakaingia. Sasa manispaa ilitaka kujua ni nini kilichobaki chini ya hizo nyasi, na kazi hiyo akapewa Jorunn, ambaye kwa miaka ishirini shughuli yake ilikuwa kuchungulia maji yaliyo chini ya ardhi. Alichimba vishimo vyembamba vinane mpaka kwenye maji, akaweka ndani yake mabomba ya unene wa mkono, kila moja likiwa limechomoza kimo cha goti na kifuniko cha chuma juu yake. Mara mbili kwa mwaka alikuja, akafungua, akavuta maji, akajaza chupa na kuzipeleka maabara.

Mpaka hapo mambo yalikuwa shwari. Dizeli ya zamani ilikuwepo, ndiyo, ila imelala pembe ya kaskazini na inateremka taratibu upande usio na nyumba. Bomba la tatu lilikuwa upande mwingine kabisa. Lilikuwa mlinzi wa kisima. Lilisimama kando ya barabara, ukingoni mwa uzio wa Magnhild, mita arobaini juu ya kisima chake, na msimu wa kiangazi uliopita maji yake yalikuwa safi kabisa.

Magnhild mwenyewe alikuwa na miaka sabini na sita na mikono ya mtu anayesukuma unga kila siku ya Mungu. Alioka lefse, mikate myembamba ya viazi, na watu walivuka kwa kivuko kuja kuinunua. Viazi alichemsha kwa maji ya kisima, unga aliukanda kwa maji ya kisima, na hakuna maji mengine yaliyofika kwake. Kisima kile alikichimba mumewe Aslak kwa sururu na mikono, majira ya kiangazi waliyooana. Aslak alishakufa miaka kumi na moja iliyopita. Kisima kikifungwa, jiko nalo limefungwa, na Magnhild alikwishasema mbele ya kila mwenye masikio kwamba siku hiyo na yeye mkamfungie kaburini.

Jorunn alimpigia Bård, ofisa wa mazingira wa manispaa, kijana mwenye ndevu nadhifu na roho ya sheria.

"Kisima kifungwe," alisema Bård, hata hajapumua.

"Ngoja kwanza, Bård. Nimeitazama hii dizeli. Ni mbichi! Mafuta yakikaa ardhini, vijidudu huyala kidogo kidogo, baada ya miaka thelathini yanabaki makapi tu. Hii haijaguswa. Haiwezi kuwa ya ghala."

"Mbichi au kuukuu, dizeli ni dizeli, na iko mita arobaini juu ya kisima cha bibi anayelisha watu. Alhamisi nina mkutano na wanakijiji pale ukumbini. Nakuja na barua ya kukifunga."

"Nami nakuja na sababu."

"Sababu yenye sahihi, Jorunn. Usiniletee hisia."

Jorunn akakata simu, akalitupa tufaha. Hamu yote ilikuwa imemwisha.

Jumatatu asubuhi alikuwa amepiga magoti mbele ya bomba la tatu. Lilikuwa jekundu. Jekundu la kung'aa, limepakwa vizuri mpaka shingoni, wakati yale mengine saba yalikuwa na kutu yake ya kawaida. Na hapa lazima tuseme ukweli: Jorunn aliliona hivyo hivyo wiki mbili nyuma, siku alipochukua maji, siku mbili tu baada ya sikukuu ya taifa. Aliona, akasema moyoni, "Lo, wamelipendezesha," akaendelea na chupa zake. Mtaalamu wa miaka ishirini! Sasa alikifungua kifuniko, akapitisha kitambaa cheupe kwenye hesi zake, ile mikato ya kukazia, akakinusa.

"Mpumbavu mimi," alisema kwa sauti, na kondoo mmoja akainua kichwa.

Hesi zilikuwa zimelowa dizeli. Kila mtu wa pwani ile anajua kwamba kutu sugu hulainishwa kwa dizeli na tambara, kisha ndipo upake rangi. Mtu alikuwa amelitengeneza bomba lile kwa moyo mmoja kabisa, na matone yakateremkia ndani. Maji ya ardhini hayakuwa na kosa lolote. Jorunn alitaka kucheza pale pale barabarani.

Lakini nani? Hapo palihitajika jina. Naye alijua pa kuanzia, kwa sababu kila mwaka, Jumamosi kabla ya sikukuu ya taifa, Skorpevik nzima hutoka kwenye msaragambo: kufagia, kukata nyasi, kupaka rangi uzio na benchi, ili maandamano ya watoto na bendera yapite mahali safi. Kiongozi wa msaragambo alikuwa Torleiv, mzee mrefu mwenye daftari ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulishika.

Alimkuta kwenye gati akitengeneza wavu.

"Bomba?" Torleiv alisema, akafungua daftari kana kwamba halijui neno lile. "Hapana. Hakuna aliyepangiwa bomba. Wala hakuna aliyepaka chochote. Jumamosi ile mvua ilitunyeshea kutwa, rangi zote zikarudi na makopo yake. Tulifagia tu."

"Kwa hiyo limepakwa siku nyingine."

"Jumatatu mvua. Jumanne ndiyo sikukuu yenyewe, na Jumatano mvua tena."

"Imebaki Jumapili. Jumapili ilikuwa kavu, nakumbuka."

Torleiv akatazama baharini. "Jumapili huku watu wako kwenye nyumba ya sala, binti. Hatushiki hata reki. Mke wangu akianika soksi Jumapili, Jumatatu anaulizwa habari za afya yake."

"Nawe hukuona chochote?"

"Nimekwambia tuko ibadani," alisema mzee, akalifunga daftari lake haraka kidogo kuliko ilivyohitajika, akarudi kwenye wavu.

Jorunn akapanda mteremko kwenda kwa Magnhild. Hakuhitaji kubisha hodi, mlango ulikuwa wazi. Ulikuwa pia mwekundu, wekundu ule ule. Jorunn akasimama akiutazama.

"Ingia, mwanangu, usisimame kama mdai," alisema Magnhild kutoka jikoni. "Kaa. Kula. Umekonda."

"Sijakonda, Magnhild. Nimenenepa kilo tatu."

"Basi umenenepa vibaya. Kula."

Alimwekea lefse yenye siagi na sukari, akamwagia kahawa. Jorunn alikula kwanza, kwa kuwa katika jiko lile hakuna neno lililosikilizwa kabla sahani haijawa tupu. Kisha akamweleza yote: dizeli, mkutano wa Alhamisi, barua ya Bård. Magnhild alisikiliza huku akisukuma unga, na mti wa kusukumia ukawa unazidi kwenda mbio.

"Ni wewe uliyepaka lile bomba," alisema Jorunn.

"Nani, mimi?"

"Rangi ni ya mlango wako."

"Nusu ya kijiji ina rangi ile. Duka liliziuza kwa bei ya kutupa."

"Magnhild, nisikilize. Ukiniambia kwamba ulitumia dizeli, nitaliandika, utatia sahihi, nitalisafisha bomba, nitavuta maji upya na kisima chako kitapona. Usiponiambia, kipimo kinabaki, na kipya hakiwezi kurudi kabla ya Alhamisi. Sina uwezo wa kukifuta kwa kukupenda tu."

Mti wa kusukumia ukasimama. Magnhild aliangalia nje, kwenye kifuniko cha mbao cha kisima.

"Na lingepakwa lini?" aliuliza bibi polepole. "Kwenye hiyo karatasi ungeandika siku gani?"

"Siku lilipopakwa. Jumapili."

"Huku hatushiki brashi Jumapili." Akafuta mikono kwenye aproni. "Kwa miaka kumi na tisa mimi ndiye mwenyekiti wa akina mama wa nyumba ya sala. Nimemkanya Borgny kwa kuchuma matunda Jumapili. Mbele za watu nilimkanya, akalia. Chukua lefse nyingine, uende zako."

Jorunn alirudi garini amekasirika mpaka masikio yanawaka moto. Mtu mzima, akili zake timamu, anakubali kumpoteza Aslak mara ya pili kwa sababu ya kopo la rangi! Alilipiga teke gurudumu la gari lake, akaumia kidole, akaendesha kwenda nyumbani akichechemea kwa klachi.

Alhamisi jioni ukumbi ulijaa, maana pale hakuna burudani nyingine. Jua lilikuwa bado juu, kama ilivyo kiangazi huko kaskazini, watu wamevaa sweta zao nzuri, kahawa imepikwa ya kuogelea. Magnhild alikaa safu ya mbele na mkoba magotini. Torleiv alikaa upande wa pili kabisa wa ukumbi, kama kawaida. Wawili hao walikuwa hawasemeshani miaka tisa kwa ajili ya mti mmoja uliokuwa mpakani mwa viwanja vyao, na ambao Torleiv aliukata siku Magnhild amekwenda kwa daktari wa meno.

Jorunn alieleza kazi yake. Alisema wazi kwamba dizeli ya bomba la tatu ni mbichi, na kwamba ameikuta kwenye kifuniko. Akauliza kama kuna mtu aliyekigusa. Akakusudia kungoja jibu mpaka ahesabu ishirini. Alipofika ishirini na tano, Bård alikohoa, akatoa barua.

"Basi manispaa haina budi. Kuanzia kesho, kisima cha shamba la—"

"Ni mimi."

Magnhild alikuwa amesimama. Mkoba ulianguka, miwani na kitana vikatawanyika sakafuni, wala hakuvitazama.

"Ni mimi niliyepaka. Jumapili. Saa tano asubuhi, ninyi mko kwenye sala. Niliwaambia naumwa kichwa, na sikuwa naumwa kichwa." Alimeza mate. "Jumamosi sikuja kwenye msaragambo kwa sababu sitaki kupangiwa kazi na huyo mkata miti. Kisha Jumapili nikachungulia dirishani nikaona lile bomba lina kutu, pale pale bendera zinapopita, kwenye uzio wangu. Roho ikaniuma. Nikachukua dizeli ya Aslak kutoka bandani, na tambara, na rangi ya mlango. Haya. Mmesikia. Borgny, nawe umesikia."

Borgny, safu ya nne, alikuwa amesikia vizuri sana.

Jorunn alitaka kumkimbilia amkumbatie. Lakini Bård hakukunja barua yake. Aliinama kidogo, kwa adabu, hapo ndipo alipokera zaidi.

"Mama, nakuheshimu. Lakini nielewe. Mtu yeyote anaweza kusema lolote kuokoa kisima chake. Nani alikuona?"

"Nani angeniona, mwanangu? Si walikuwa wote ibadani!"

"Ndiyo maana nauliza."

Magnhild alikuwa amekwisha kuitoa heshima yake yote, ameimwaga sakafuni pamoja na kitana, na kumbe haitoshi. Alishika mgongo wa kiti chake. Jorunn aliona machozi yanamlenga, naye akaanza kusema kitu juu ya hesi na kitambaa cheupe ambacho hata yeye hakukielewa.

"Mimi nilimwona."

Vichwa vyote viligeuka. Torleiv alikuwa wima, kofia mkononi, masikio yamemwiva.

"Nilimwona saa tano na robo, na saa sita kasoro alikuwa bado yupo. Alivaa aproni ya bluu. Kwanza alimimina kitu kutoka dumu la kijani juu ya kifuniko, akasugua, akamimina tena. Nilisema moyoni, huyo anatumia dizeli nyingi mno."

"Ulimwona ukiwa wapi?" aliuliza Bård.

"Kwenye boti." Torleiv akavuta pumzi. "Nilikuwa navua."

"Torleiv!" Mkewe Solbjørg aliruka kutoka kitini. "Si ulisema tumbo! Nilikupikia uji!"

"Tumbo lilikuwa zima, Solbjørg. Samaki walikuwa wanaruka."

"Na wale samaki wa Jumatatu, uliosema amekupa binamu yako?"

"Hao hao."

Mtu mmoja nyuma alipasuka kicheko, akajifanya anapiga chafya. Torleiv ndiye aliyekuwa akisoma matangazo katika nyumba ile ya sala tangu enzi za baba yake. Ndiye aliyekuwa akiuliza, kwa upole mzito, nani hakuonekana Jumapili iliyopita na kwa nini.

Magnhild alimgeukia. Kwa miaka tisa halikupita neno kati yao.

"Ulijua," alisema. "Tangu Jumatatu, binti huyu alipokuja kukuuliza, ulijua. Ungekiacha kisima cha Aslak kifungwe kwa ajili ya samaki wako?"

"Nimekaa hapa nikijiuliza swali hilo hilo," alisema Torleiv. "Hata wewe ulipoanza kusema, nilikuwa bado najiuliza. Ni aibu. Sijui niseme nini zaidi."

"Basi usiseme. Kaa."

Akakaa. Bård alikunja barua, akaitia mfukoni, na kwa mara ya kwanza Jorunn akayaona meno yake. Karatasi ya maelezo iliandikwa pale pale juu ya meza ya kahawa, Magnhild akatia sahihi, Torleiv akatia chini yake, na kwa kuwa kalamu ilikuwa moja ilibidi mmoja ampe mwenzake mkononi.

Kesho yake Jorunn alikitupa kifuniko cha zamani, akasugua bomba kwa sabuni na maji ya moto, akalivuta maji siku mbili mfululizo mpaka mashine ikalalamika. Kisha akajaza chupa mpya. Akajaza nyingine kutoka kisimani kwa Magnhild, kwa mkono wake mwenyewe, akazipeleka maabara akizishikilia mapajani ndani ya kivuko. Kwa siku kumi na mbili hakulala sawasawa. Maana tuseme kweli, sahihi mbili haziwezi kuyasafisha maji. Kama kulikuwa na dizeli nyingine chini kule, basi wazee wale wamejivua nguo mbele ya kijiji bure.

Majibu yalikuja Ijumaa. Hakumpigia mtu simu. Alichukua gari, akavuka, akapanda mteremko.

Jikoni alimkuta Magnhild kwenye chuma cha kuokea, na mezani, akiwa na sahani mbele yake, yuko Torleiv. Walikuwa wanagombana kuhusu mti.

"Ulikuwa umeoza," alisema Torleiv.

"Ulikuwa na kiota cha ndege!"

"Kiota kimeoza pia. Habari yako, binti."

"Umesikia ya kijijini kwetu?" Magnhild alimwambia Jorunn bila kugeuka. "Tumefukuzwa kazi sisi wawili. Mimi nilisema najiuzulu. Nilidhani watasema, hapana, Magnhild, kaa. Miaka kumi na tisa! Hakuna aliyefungua mdomo. Wamemweka Borgny. Na huyu naye amenyang'anywa matangazo."

"Wanasoma vibaya sasa," alisema Torleiv. "Hawatulii kwenye nukta."

"Imekuuma?" Jorunn aliuliza.

"Imeniuma sana," alisema Magnhild. "Usiku nalia. Mchana sina nafasi, nina unga." Sasa ndipo alipogeuka, akaiona karatasi mkononi mwa Jorunn. Kijiti cha kugeuzia lefse kikabaki hewani. "Sema upesi, kabla moyo haujasimama."

"Hakuna kitu. Bomba la tatu, hakuna. Kisima chako, hakuna. Hata harufu. Maji ni safi kuliko ya kwangu mjini."

Lefse ilianza kuungua na hakuna aliyeisogelea. Magnhild alikwenda kwenye bomba la jikoni, akalifungua mpaka mwisho, akayaacha maji yateremke, akaweka mkono chini yake kama anayempapasa mtoto kichwani. Kisha akajaza glasi, akanywa yote bila kupumua, na glasi ilipokwisha akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, amesimama, mikono ina unga. Torleiv aliinuka, akaigeuza lefse, akaitoa kwenye moto. Baada ya hapo alitazama dirishani, akangoja amalize.

Alipomaliza, Magnhild alijaza glasi tatu na kuziweka mezani.

"Kunyweni," alisema. "Kayachimba Aslak."